Usajili wa kulipia unakwama kwenye namba ya siri

Tangu Agosti 4, 2025, mtengeneza maudhui yeyote anayefungua ukurasa mpya kwenye Patreon, jukwaa la mtandaoni ambako mashabiki humlipa msanii kila mwezi, anakatwa asilimia 10 ya mapato yake, mbali na ada za kupitisha malipo. Waliotangulia wameachwa na viwango vyao vya zamani, asilimia 8 kwa mpango wa kawaida na 12 kwa ule wa juu. Tangazo hilo lilipotoka nilitumia siku kadhaa kusoma maoni ya waandishi, wachoraji na watu wa podikasti wa Dar es Salaam na Nairobi, na karibu wote walikuwa wameing'ang'ania ile asilimia. Wapo waliosema ni unyonyaji, wapo waliopiga hesabu ya kuhamia Substack, jukwaa la majarida ya barua pepe, na wapo waliohitimisha kwamba biashara ya kuuza maudhui kwa usajili imefika mwisho. Nadhani wote wameangalia pasipohusika. Nyongeza ya asilimia 2 haimtoi mtu sokoni. Muuza nyanya wa Kariakoo hubeba tofauti kubwa kuliko hiyo kati ya asubuhi na jioni, na kesho yake yupo palepale.

Hoja yangu ni hii. Usajili wa kulipia unafanya kazi, na ushahidi upo, lakini nguvu yake kubwa inatoka mahali ambapo watu hawapazungumzii: pesa inatoka kwenye kadi ya msomaji kila mwezi bila msomaji kuulizwa tena. Huku kwetu pesa inakaa kwenye simu, na haitoki mpaka mwenye simu aandike namba yake ya siri. Kwa hiyo mwandishi wa Mwanza au Mombasa, hata akiwa na kundi la wasomaji wanaomlipa, hana wasajiliwa kwa maana ya Patreon. Ana wateja anaowashawishi upya kila mwezi. Hizo ni biashara mbili tofauti, na tunawakatisha tamaa watu wenye vipaji kwa kuwafundisha ile ya kwanza wakati wanaishi ndani ya ile ya pili.

Historia yenyewe si ndefu. Mwaka 2008 mwandishi wa Marekani, Kevin Kelly, alitoa wazo la mashabiki 1,000 wa kweli: msanii akiwapata watu 1,000 ambao kila mmoja yuko tayari kumpa dola 100 kwa mwaka, ana dola 100,000, na hahitaji kuwa nyota. Mwaka 2013 mwanamuziki Jack Conte, aliyechoka kuona video zake zikitazamwa sana huku matangazo yakimlipa kiduchu, alianzisha Patreon pamoja na Sam Yam. Mwaka 2017 ikaja Substack, iliyompa mwandishi barua pepe, ukurasa na kitufe cha kulipia, yenyewe ikachukua asilimia 10. Novemba 2021 Substack ilitangaza kuvuka usajili wa kulipiwa milioni 1. Machi 2025 ikatangaza milioni 5. Anayesema jambo hili halifanyi kazi popote ana kazi ya kuzieleza namba hizo. Ila anayezishangilia naye asiruke sentensi iliyofuatana na tangazo lile la 2021, kwamba machapisho 10 ya juu peke yake yalikuwa yanaingiza zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka. Waliobaki, maelfu kwa maelfu, waligawana kilichobaki, na wengi wao hawakupata hata pesa ya bando.

Kwamba siri iko kwenye kadi, Patreon wenyewe walituonyesha bila kukusudia. Desemba 2017 walitangaza kwamba kila mchango ungeongezewa asilimia 2.9 na senti 35, na ada hiyo angeibeba mchangiaji. Aliyekuwa anatoa dola 1 sasa angelipa takribani dola 1.38. Kwa mtu anayemchangia msanii mmoja, hizo ni senti tu. Lakini wengi walikuwa wanawachangia wasanii kumi au ishirini, dola moja moja, na walipouona ujumbe ule walifungua orodha zao na kuanza kufuta. Wasanii waliamka na kukuta wachangiaji wa dola 1 na 2 wanaondoka kwa wingi. Haikupita hata wiki mbili, Conte aliomba radhi na mpango ukafutwa. Tafsiri ya kawaida ya kisa hiki ni kwamba watu walikasirishwa na ongezeko la bei. Mimi nakisoma tofauti kidogo. Watu wale waliamshwa. Kwa miezi, wengine kwa miaka, walikuwa wanatoa bila kufikiri, na ghafla wakaombwa kufikiri. Wengi walipofikiri waligundua kwamba msanii fulani hawajamsikiliza tangu mwaka uliopita. Senti 38 zilikuwa kengele tu.

Sasa chukua kengele hiyo uipige kila mwisho wa mwezi, kwa kila msomaji, maisha yote. Hayo ndiyo mazingira yetu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na imefanya jambo kubwa ambalo kadi za benki hazikuweza: imempa mama lishe na bodaboda akaunti. Lakini ilijengwa juu ya kanuni kwamba hakuna senti inayotoka bila mwenyewe kuthibitisha. Kanuni hiyo ni njema, na imeokoa pesa za watu wengi. Kwa mtengeneza maudhui, maana yake ni kwamba kila mwezi kuna dakika moja ambapo msomaji ameishika simu, anaona salio lake, anaona jina la mwandishi, na anakumbuka kwamba luku imebaki uniti tatu.

Nina rafiki Tanga anayeandika simulizi za kijasusi na za mapenzi na kuziuza WhatsApp. Utaratibu ni ule ule unaojulikana na kila mpenzi wa simulizi: sehemu kumi za mwanzo zinawekwa Facebook bure, ya kumi inakatikia mlango ukigongwa usiku wa manane, halafu chini kuna namba ya simu, jina litakalotokea kwenye muamala, na maneno "kuungwa group ni 2,000 kwa mwezi". Jioni moja ya mwisho wa mwezi nilikaa naye akipiga hesabu. Mbele yake kulikuwa na daftari la shule: majina ya wasomaji upande wa kushoto, miezi juu, na kwenye kila kisanduku tiki ya kalamu nyekundu kwa aliyelipa. Simu mbili mezani, kila moja na mtandao wake. Meseji ya muamala ikiingia analitafuta jina, na mara nyingi halipo, maana msomaji ametumia laini ya mumewe au ametumia kwa wakala. Anauliza, anasubiri apigiwe picha ya skrini, ndipo anaweka tiki. Ilipofika saa nne usiku alianza kuwaondoa wasiolipa, mmoja mmoja, na karibu kila aliyeondolewa alimwandikia pembeni: "Kaka mwandishi, nivumilie mpaka Jumatatu, mshahara haujatoka."

Kilichonikaa kichwani ni zile tiki. Ukifuata mstari wa msomaji mmoja kwa kidole unakuta amelipa Machi; Aprili na Mei hayupo; Juni amerudi, Julai na Agosti amelipa, Septemba kimya. Kwenye ripoti ya Patreon mtu huyo angeandikwa ameacha mara mbili. Kwa jicho langu hajawahi kuacha. Ni msomaji mwaminifu ambaye kipato chake kinakuja kwa mafungu, na uaminifu wake unafuata mafungu hayo. Ushauri wote tunaoutafsiri kutoka kwa washauri wa ng'ambo, wa kupunguza wanaoacha, wa barua ya kumwomba arudi, wa zawadi kwa aliyekaa miezi 12 mfululizo, umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara na kadi. Kwa msomaji huyu wa daftari la Tanga ushauri huo haugusi kitu.

Hapa ndipo wengi hukimbilia hoja dhaifu kuliko zote, kwamba Waswahili hawapendi kulipia, wanataka vya bure. Hoja hii inarudiwa sana, tena na watu wazito, na inaniudhi kwa sababu kila nyumba inaikanusha. Watu hawa hawa wananunua bando kila siku. Wanalipia kisimbuzi, na tena wanakilipia kwa akili: ligi ikianza, kifurushi kinalipwa, ligi ikisimama, kisimbuzi kinapumzika. Azam Media mwaka 2021 waliingia mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania, na kampuni haiweki pesa ya namna hiyo kwa watu wasiolipia. Kabla ya simu janja, hadithi za kuendelea kwenye magazeti kama Ijumaa na Risasi ziliwafanya watu wanunue gazeti kwa ajili ya ukurasa mmoja, na gazeti moja likasomwa na saluni nzima. Hata lile neno tunalolitumia kwenye magroup ya simulizi, arosto, yaani ile hali ya kuteseka ukingoja sehemu inayofuata, limezaliwa na watu waliolipa na wanaotaka kulipa tena. Watu wasiolipia hawana arosto, wanaondoka tu.

Tena kuna mfano mmoja wa usajili ulioshika kweli kweli nyumbani, nao unaiunga mkono hoja yangu kuliko mwingine wowote. Kenya ina Skiza, ule wimbo anaousikia mtu anapokupigia, ambao kwa miaka umekuwa ukikata shilingi moja moja kutoka kwenye salio la mteja. Salio la muda wa maongezi halina namba ya siri. Linakatwa tu. Kwaya za injili na wanamuziki wa benga walipata kipato pale ambapo kanda na santuri zilikuwa zimekufa. Lakini mlango huo huo ndio ulioleta malalamiko ya miaka mingi, Kenya na Tanzania vilevile: watu kukatwa salio kwa meseji za mapenzi, za utabiri wa mechi, za afya, ambazo hawakumbuki kuziomba. Mfumo uleule unaomlisha msanii ndio unaomwibia bibi aliyebonyeza kitufe asichokijua. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo gumu kuliko yote.

Wanaopinga usajili wana hoja nyingine nzito zaidi, na ni haki tuzipime. Ya kwanza ni ya hesabu. Substack huwaambia waandishi kwamba katika wasomaji wa bure, asilimia 5 hadi 10 wanaweza kugeuka walipaji. Tuchukue hizo hizo, ingawa kwetu ni za matumaini. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini Tanzania ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Ili mwandishi afikie hapo kwa bei ya shilingi 2,000, anahitaji walipaji 250 kila mwezi kabla ya makato, na ili awapate hao kwa asilimia 5 anahitaji wasomaji 5,000 wanaomfuatilia kwa dhati. Mashabiki elfu kumi wanaopita na kubonyeza kupenda ni jambo moja, wasomaji 5,000 wanaongoja andiko lako kila wiki ni jambo jingine kabisa. Wapo wanaowapata, lakini ni wachache, na mtu aache kazi baada ya kuwapata, asiache kwanza.

Basi apandishe bei? Substack haimruhusu mwandishi kutoza chini ya dola 5 kwa mwezi, ambayo ni zaidi ya shilingi 12,000 za Tanzania au 600 za Kenya. Kiwango hicho hakikuwekwa kwa dharau. Malipo ya Substack yanapita kwa Stripe, kampuni ya kupitisha malipo ya kadi, ambayo Marekani hukata asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila muamala. Kwenye dola 5 makato hayo ni madogo. Kwenye dola 1 yanakula theluthi nzima. Mfumo wa kadi haukujengwa kwa malipo madogo, na mtengeneza maudhui wetu hana malipo makubwa. Juu ya hapo Stripe haifungui akaunti za wafanyabiashara waliosajiliwa Tanzania wala Kenya kama inavyofungua Uingereza au Marekani, kwa hiyo mwandishi wa Dodoma anaweza kuwa na jarida zuri Substack na asiweze kukiwasha kitufe cha kulipia mpaka apate mtu wa ng'ambo wa kupokea kwa niaba yake. Wanaobishana juu ya asilimia 10 wanabishana juu ya mlango ambao wengi wetu hatujaufikia. Kwa upande mwingine, kutuma hadi shilingi 100 kwa M-Pesa ya Kenya hakuna makato kwa mtumaji, na hiyo shilingi 100, au hata 50, ndiyo bei ambayo msomaji anaitoa bila kujiuliza mara mbili. Njia ya malipo madogo tunayo, tena bora kuliko ya wenzetu. Kinachokosekana ni kujirudia kwake.

Hoja ya pili ya wapinzani ni kwamba usajili ni ahadi ya kesho, na huku kesho haiko mikononi mwa mwandishi. Nakubaliana nayo karibu yote. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni Tanzania zilimtaka mwenye blogu kuwa na leseni, na ada ilikuwa shilingi 1,000,000 kwa mwaka, achilia mbali 100,000 ya maombi. Kwa bei ya shilingi 2,000 kwa mwezi, hao ni walipaji 42 wa mwaka mzima wanaolipia karatasi tu kabla mwandishi hajanunua hata vocha. Ada hizo zilipunguzwa baadaye, lakini zilikuwa zimeshafunga blogu nyingi ambazo hazikurudi. Kisha kuna hili la juzi: kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa. Mwenye duka alifunga duka akafungua tena. Aliyechukua pesa ya mwezi mzima alibaki na deni kwa watu asioweza hata kuwaandikia kwamba anadaiwa. Usajili unataka utulivu wa umeme, wa mtandao, wa sheria na wa afya ya mtu mmoja anayefanya kazi zote. Akiugua malaria wiki moja, hakuna wa kumshikia.

Ya tatu ni ya lugha. Kiswahili kina wasemaji wengi, lakini maandishi ya kina kwa Kiswahili mtandaoni bado ni haba, na kila andiko jema linalofungiwa nyuma ya malipo linapunguza kile kidogo kilichopo. Mwanafunzi wa Kigoma anayetafuta maelezo ya sayansi kwa lugha yake anakutana na geti. Hoja hii inanigusa. Hata hivyo naona wanaoitoa wanasahau kuuliza mwandishi wa maelezo hayo anakula nini. Andiko la bure ambalo halikuandikwa kabisa kwa sababu mwandishi amekwenda kuendesha Bolt halimsaidii mwanafunzi wa Kigoma.

Halafu, njia mbadala ni ipi? Wanaokataa usajili kwa kawaida wanasema matangazo. YouTube inampa mtengeneza video asilimia 55 ya pesa ya matangazo kwenye video ndefu, na inaonekana ni mgawo wa haki. Lakini bei ya tangazo inafuata pochi ya mtazamaji, na mtazamaji wa Shinyanga mtangazaji anamnunua kwa bei ndogo sana kulinganisha na wa Oslo. Machi 2024 Rais Ruto, baada ya mazungumzo na Nick Clegg wa Meta, alitangaza kwamba Wakenya wangeanza kulipwa kwa maudhui yao Facebook na Instagram. Ilikuwa habari njema, ila tazama maudhui yaliyofuata: video fupi, ugomvi wa ndoa, vichekesho vilevile kwa nguo tofauti. Siwalaumu waliotengeneza, wanafuata kinacholipa. Matangazo yanalipa macho, na macho mengi yanakuja kwa kelele. Anayetaka kueleza kwa utulivu namna mfuko wa pensheni unavyokokotoa kikokotoo chake hawezi kuishi kwa macho. Anaweza kuishi kwa watu mia tatu wanaolihitaji jambo hilo kweli. Hapo usajili hauna mshindani, na ndiyo sababu nautetea licha ya yote niliyoyasema.

Kuna pia wanaosema tutumie utamaduni wetu wa michango. Sisi, wanasema, ni watu wa harambee, na kila mwenye simu yumo kwenye group la harusi ambamo orodha inapandishwa kila jioni: jina, ahadi, taslimu. Wazo hili lina mvuto, na sehemu yake ni kweli. Orodha ile inafanya kazi ambayo kadi inafanya kwingineko, inamkumbusha mtu bila kumuuliza. Lakini mchango wa harusi ni deni la kuzunguka. Nakuchangia wewe kwa sababu ulimchangia binti yangu, au nataka umchangie. Mwandishi hawezi kulilipa deni hilo kwa wasomaji mia tatu. Akianza kupandisha orodha ya majina na alama ya tiki, wengine watalipa kwa aibu mara moja, mara ya pili watatoka kimyakimya, na watakuwa wameacha kumsoma kwa sababu kumsoma kumekuwa mzigo.

Turudi kwenye lile gumu. Mwaka 2024 Safaricom ilizindua M-PESA Ratiba, huduma inayomruhusu mteja kupanga malipo yajirudie yenyewe, kila siku, wiki au mwezi. Wengi waliiona kama njia ya kulipa kodi ya nyumba na kumtumia mama pesa kijijini. Kwa hoja yangu ni jambo kubwa kuliko mabadiliko yote ya Patreon, kwa sababu sasa pesa ya simu inaweza kwenda bila kengele kila mwezi. Je, huo ndio ufumbuzi? Kwa kiasi, ndiyo. Msomaji anayempenda mwandishi wake anaweza kuamua mara moja, shilingi 100 kila mwezi, akaendelea na maisha. Lakini nikijiuliza kwa nini ninalitaka hili, nagundua sehemu ya jibu ni kwamba nataka msomaji asahau, na hapo najisikia vibaya. Pesa ya aliyesahau ni pesa ya watu. Inaweza kuwa halali kwenye makaratasi na bado mtu asiipokee kwa moyo mweupe, hasa mtoaji akiwa ni mtu ambaye shilingi 2,000 ni chakula cha siku. Tumeona kwenye meseji za salio mahali ambapo njia hiyo inaishia. Ratiba angalau imeanza vizuri, kwa sababu haianzi mpaka mteja mwenyewe aikubali kwenye simu yake. Mitandao ya Tanzania ikileta kitu kama hicho, sharti hilo ndilo la kulinda kuliko yote.

Wakati hilo halijafika, au hata likifika, nadhani mtengeneza maudhui wa Kiswahili afuate mwendo wa kisimbuzi. Auze msimu. Rafiki yangu wa Tanga ameanza hivyo mwaka huu: simulizi moja, sehemu arobaini, wiki sita, bei moja inayolipwa mara moja mwanzoni, halafu anapumzika mwezi mzima na hamdai mtu. Namba ya siri inaandikwa mara moja kwa simulizi, na inaandikwa siku ambayo arosto iko juu, si siku ambayo luku imeisha. Daftari limekuwa jepesi, kwa sababu hakuna tena wa kumwondoa katikati. Wapo watakaovujisha sehemu kwenye Telegram, kama zamani, lakini anasema msimu mfupi unaisha kabla wizi haujashika kasi. Mwalimu wa hesabu anaweza kufanya hivyo kuelekea mitihani ya kidato cha nne, mchambuzi wa soka kwa mzunguko wa ligi, mtu wa kilimo kwa msimu wa vuli na wa masika, pale ambapo mkulima ana sababu ya kulipa na, baada ya mavuno, ana cha kulipia. Kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya mtandaoni ipo, Kenya tangu 2023 na Tanzania tangu 2024, na aipange kwenye bei tangu mwanzo.

Ninayemhofia ni mwandishi ambaye kazi yake haina msimu wala arosto. Anayekaa mahakamani miezi minane kufuatilia kesi ya ardhi ya kijiji kimoja hawezi kuikatiza habari pale mlango unapogongwa. Wanaoihitaji habari yake zaidi ni wale wasio na cha kulipa, na akiifunga atakuwa ameificha kwa watu wale wale alioiandika kwa ajili yao. Kwake yeye usajili wa kadi bado una maana, kwa njia tofauti: Watanzania na Wakenya walioko Muscat, London na Minneapolis wana kadi, wana uchungu na kwao, na dola 5 kwao ni kahawa. Sasa na Mkenya wa Nairobi mwenye mshahara anaweza kupanga mia yake kwenye Ratiba. Hao walipe ili habari ikae wazi, na waambiwe hivyo waziwazi tangu siku ya kwanza, kila mwezi waonyeshwe ilikwenda wapi, ili anayeendelea aendelee akijua. Kisha mwanakijiji ambaye shamba lake limetajwa humo aisome kwenye simu ya mwanawe, mpaka mwisho, bila kuulizwa namba ya siri.